Je, Kuna Spika za Roki?

Swali hili lilinijia nikiwa nimekwisha kulipa. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya Kiswahili hapa Kampala, nikiishi kwa dada yangu mkubwa, na kwa miezi minane nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 450,000 za Uganda kwa kuwafundisha watoto wa majirani. Fedha hizo zilikuwa za kompyuta. Nilizipeleka katika duka moja mjini nikarudi na sabufa: boksi kubwa jeusi la besi lenye taa za buluu, pamoja na spika mbili ndogo za kuweka pembeni, kila moja ikiwa na ukubwa wa mkate mdogo. Muuzaji aliniuliza napenda muziki gani. Nilipomjibu kwamba napenda roki, na hasa ule utanzu wake mzito unaoitwa metali, hakusita. "Basi hii ndiyo yako," alisema. "Hii ni spika ya roki."

Katika tahakiki hii nataka kulichunguza jina hilo, "spika ya roki". Darasani tunafundishwa kuuliza neno limebeba nini kabla ya kulikubali. Siku ile sikuuliza. Hoja yangu leo ni kwamba spika ya roki haipo, kama ambavyo hakuna miwani ya kusomea riwaya peke yake. Kuna spika inayopeleka kwa uaminifu kile kilichorekodiwa na kuna isiyopeleka. Na muziki wa roki na metali, kwa jinsi ulivyoundwa, huiumbua upesi ile isiyopeleka. Nitaeleza sababu zake, kisha nitazijibu hoja za wasiokubaliana nami, maana baadhi yao wana haki kwa sehemu.

Sabufa na pengo lake

Siku mbili za kwanza nilifurahi. Nilipiga albamu ya AC/DC ya mwaka 1980, Back in Black, na kila ngoma ilipogonga, vikombe vya dada vilitikisika kabatini. Siku ya tatu nilianza kusikia kitu kilichonikera. Gitaa la besi lilikuwa likipiga noti moja tu. Nilijua si kweli, kwa kuwa albamu hiyohiyo nilikuwa nimeisikiliza kwa miaka mingi kwa hedifoni, na besi yake hutembea. Kwenye sabufa haikutembea. Ilivuma mahali pamoja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Magitaa ya juu yalisikika membamba kama yanayotoka kwenye simu, na mwimbaji alisikika kama mtu aliyeziba pua.

Baadaye nilielewa sababu. Masafa ya sauti hupimwa kwa mitetemo kwa sekunde, na kipimo chake huitwa hezi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la kawaida hutoa hezi 82. Uzi mzito wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa hezi 41. Ule uzito unaomfanya msikilizaji ahisi kuwa gitaa lina mbao na si waya mtupu unakaa takriban kati ya hezi 80 na 300. Sasa itazame sabufa yangu. Boksi kubwa lilitengenezwa ili livume zaidi sehemu moja ya chini, kwa sababu mvumo huo ndio unaomvutia mnunuzi dukani. Spika zile ndogo zilikuwa na koni za sentimita saba, na koni ndogo kiasi hicho haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Kati ya mahali boksi linapoishia na mahali spika ndogo zinapoanzia palikuwa na pengo. Gitaa la roki lilikuwa limekaa ndani ya pengo hilo.

Vipi kuhusu nguvu? Kasha la sabufa liliandikwa wati 8,000 kwa herufi kubwa, na chini yake herufi ndogo PMPO. Wengi wetu Afrika Mashariki tumeziona herufi hizo kwenye redio na sabufa. Zinadai kutaja nguvu ya kilele, ya muda mfupi mno, wala hakuna kanuni moja inayowalazimisha watengenezaji waipime kwa njia ileile. Kwa hiyo kila mmoja huandika anachotaka. Nilipogeuza boksi langu, nyuma yake palikuwa na kibandiko kidogo kilichosema kwamba kifaa hutumia wati 60 za umeme. Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kubwa kuliko ile inayoingia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa nimelinunua debe lenyewe.

Spika inayoumba na spika inayopeleka

Nilibeba sabufa hadi kwa fundi mmoja wa redio, mzee kutoka Bukavu aliyekaa Kampala miaka mingi. Kiluganda chake kilikuwa kidogo na Kiingereza chake kidogo zaidi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, mimi cha darasani na yeye cha Kongo. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema kwao watu husema jambo. Tangu siku hiyo nikamwita Papa.

"Papa, spika hii imeharibika."

Aliiwasha, akasikiliza kidogo, akaizima. "Hapana, mtoto yangu. Haijaharibika. Njo vile waliitengeneza."

Nilimweleza kwamba niliambiwa ni ya roki. Ndipo akanionyesha kitu kilichobadilisha mawazo yangu. Pembeni ya karakana yake palikuwa na amplifaya ya gitaa ya kanisa fulani iliyoletwa kutengenezwa, yenye spika moja ya inchi 12. Aliunganisha simu yangu kwenye amplifaya hiyo, akapiga wimbo uleule wa AC/DC. Sauti ilikuwa mbaya ajabu: nzito, kavu, bila matoazi, kama muziki unaosikika kutoka nyumba ya pili. Lakini kijana wake alipochukua gitaa akalipiga kupitia spika hiyohiyo, lilinguruma vizuri mno.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika roki, spika ya gitaa ni sehemu ya chombo cha muziki. Spika za Celestion za inchi 12, ambazo tangu miaka ya 1960 zimefungwa katika maboksi ya Marshall, hazikukusudiwa kupeleka kila sauti sawasawa. Juu ya hezi 5,000 hivi nguvu yake hushuka haraka, na kushuka huko ndiko kunakoukata mkwaruzo mkali wa gitaa ukawa mngurumo mtamu. Ukilipeleka gitaa lenye mkwaruzo moja kwa moja kwenye spika ya nyumbani bila kupitia spika ya aina hiyo, utasikia mlio wa nyuki kwenye kopo. Spika ya gitaa huumba sauti. Kipaza sauti cha studio huinasa sauti hiyo ikiwa imekwisha kuumbwa, pamoja na ladha yake yote.

Kazi ya spika ya nyumbani ni nyingine. Inapokea muziki uliokamilika na kuufikisha. Sisi wa lugha tunaweza kuifananisha na mkalimani. Msemaji akitukana, mkalimani mwema hufikisha tusi. Akinong'ona, naye hunong'ona. Mkalimani anayepiga kelele kila mara kwa sababu msemaji ni mkali hutia chumvi mahali palipokwisha kutiwa. Jina "spika ya roki" linachanganya kazi hizi mbili. Linadhani kwamba kwa kuwa muziki ni mkali, anayeupeleka naye lazima awe mkali. Ukali umekwisha kuwekwa na mwanamuziki. Spika ikiongeza wake, kinachobaki ni kelele.

Muziki wenyewe unadai nini

Kusema kwamba spika ya roki haipo si kusema kwamba roki haina madai yake. Inayo, na naona ni matatu.

Dai la kwanza ni usawa wa masafa ya katikati. Katika muziki huu magitaa mawili, sauti ya mwimbaji na ngoma ndogo hugombea nafasi moja. Spika yenye bonde katikati huwafuta wote. Yenye kilima huwafanya wote wapige kelele.

Dai la pili ni besi iliyotulia. Mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani huko Birmingham akiwa na miaka 17. Baadaye alilegeza nyuzi za gitaa, na katika albamu ya mwaka 1971, Master of Reality, baadhi ya nyimbo zilishushwa nusu-hatua tatu, kutoka E hadi C kali. Gitaa la besi likishushwa hivyo hufika karibu hezi 35. Tangu hapo wanamuziki wengi wa metali wamekuwa wakishuka. Mtu anaweza kudhani basi lazima anunue spika inayofika hezi 35. Ingekuwa vizuri, lakini si lazima. Noti ya besi huja na ndugu zake wa juu, hezi 70, 105 na kuendelea, na sikio likiwasikia ndugu hao vizuri huweza kuihisi ile ya chini hata kama ni dhaifu. Ndiyo maana spika ndogo inayoishia hezi 55 kwa utulivu hukuonyesha besi inavyotembea kuliko sabufa inayonguruma kwenye noti moja.

Utulivu huu una upande wa wakati pia. Chukua ngoma ya miguu miwili katika metali, mapigo 200 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne. Hapo mguu hugonga zaidi ya mara 13 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 75. Boksi linaloendelea kuvuma baada ya pigo kupita hulifikia pigo la pili likiwa bado linalivumia la kwanza. Ngoma kumi na tatu hugeuka mvumo mmoja. Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, huko Marekani, alitoa mwaka 1954 spika ya AR-1 yenye boksi lililofungwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi, na akaonyesha kwamba boksi dogo linaweza kutoa besi ya kina. Spika nyingi za leo zina tundu la kuongeza besi. Tundu si dhambi likipimwa vizuri. Lakini katika vifaa vya bei nafuu mara nyingi ndilo linalofanya kazi ya debe.

Dai la tatu ni uwezo wa kupaza bila kuchoka. Hapa namba ya kutazama ni wepesi wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Kila desibeli tatu zinadai nguvu maradufu. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu ya wati zinazohitajiwa na ya desibeli 87, na robo ya zile zinazohitajiwa na ya 84. Kwa mwanafunzi mwenye amplifaya ya wati 30 za kweli, namba hii ndogo ina maana kuliko wati 8,000 za kwenye kasha.

Madai haya matatu yasome tena. Usawa, utulivu, uwezo. Okestra inayadai yote. Taarabu inayadai yote, na mtu anayesikiliza rumba ya Kongo atakwambia vivyo hivyo kuhusu gitaa la besi. Roki haikuomba kitu cha pekee. Imeomba tu kwa sauti kubwa zaidi.

Chumba nacho kinaimba

Papa alinibadilishia. Alichukua sabufa na shilingi 100,000 juu yake, akanipa spika mbili za mtumba zilizotengenezwa Japani, za maboksi ya mbao, kila moja ikiwa na koni ya sentimita 16 na spika ndogo ya sauti za juu, pamoja na amplifaya ya zamani. Hazikuwa na taa. Katika karakana yake nilisikia kwa mara ya kwanza besi ya Back in Black ikitembea nje ya hedifoni.

Nilipozifikisha nyumbani zilivuma kama sabufa. Nilikaribia kulia. Nilimpigia Papa simu kwa hasira, naye akaja jioni, akasimama mlangoni akasikiliza.

"Spika ni nzima," akasema. "Njo chumba kinaimba."

Chumba changu kina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu, kuta za matofali na sakafu ya saruji. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali kati ya kuta mbili hunaswa hapo, likaenda na kurudi na kujiongeza. Kwa mita nne wimbi hilo ni hezi 43, karibu kabisa na noti ya F ya gitaa la besi. Kwa mita tatu ni hezi 57. Nami nilikuwa nimeziweka spika kwenye pembe za chumba, mahali zinapoamsha mawimbi hayo yote kwa pamoja, na kitanda ninachokalia kikiwa kimegusa ukuta wa nyuma, mahali yanaposikika kwa nguvu zaidi.

Papa alizivuta spika nusu mita kutoka ukutani na kuziondoa pembeni. Alisogeza kitanda. Aliziinua juu ya matofali hadi spika za sauti za juu zikalingana na masikio yangu nikiwa nimekaa. Mwisho aliomba soksi mbili, akaziziba nazo zile tundu za nyuma ili kupunguza besi. Mimi nilipendekeza tutundike blanketi ukutani. Alikubali, ila akanionya kwamba blanketi hupunguza mwangwi wa sauti za juu na halizuii besi. Kazi yote ilichukua dakika arobaini, na gharama yake ilikuwa soksi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ushauri mwingi kuhusu spika huzungumzia boksi na kukisahau chumba. Mtu hununua, havutiwi, huuza, hununua tena. Pengine spika yake ya kwanza ilikuwa inamtosha.

Hoja za upande wa pili

Rafiki yangu tunayesoma naye, mpenzi wa metali kunizidi, hakubaliani nami. Hoja zake ni mbili na nitazitendea haki.

Kwanza anasema kwamba historia inanikana. Mwaka 1970 kampuni ya JBL ilitoa spika ya nyumbani ya L100, iliyotokana na spika yake ya studio ya 4310, na sauti yake iliyojitokeza mbele ikapendwa sana na vijana wa roki. Klipsch nao, kwa spika zao za pembe, wana wapenzi wa roki hadi leo. Je, hizo si spika za roki? Nakubali kwamba spika hizo zina kitu. Za pembe ni nyepesi sana. Wati chache huzipaza, na ngoma hugonga bila kubanwa. Lakini hilo ni dai langu la tatu, uwezo. Mtu anayezipenda anapenda ngoma inayofika nzima. Ile rangi nyingine wanayoongeza juu yake ni ladha, na ladha haina kesi, mradi tusiite ladha yetu sheria ya utanzu mzima.

Tena historia ina ushahidi mwingine. Mwaka 1978 Yamaha ilitoa spika ya NS-10 kwa ajili ya nyumbani. Nyumbani haikupendwa. Lakini mafundi wa studio waliipokea, na koni yake nyeupe ikawa kitu cha kawaida juu ya meza za kuchanganyia sauti katika miaka ya 1980. Waliitumia kwa kuwa makosa ya katikati ilikuwa haiyafichi, na wengine walifunika spika yake ya sauti za juu kwa karatasi laini ili isiwachome. Hawakuitumia kwa starehe. Roki nyingi tunayoipenda ilipimwa kwenye spika ambayo hakuna muuzaji ambaye angeiita ya roki.

Mtafiti Floyd Toole, kwanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye katika kampuni ya Harman huko Marekani, aliwasikilizisha watu spika bila kuwaruhusu kuziona. Walipokosa kuona jina, bei na ukubwa, walikubaliana kuliko tulivyozoea kudhani, na wengi walipendelea spika zenye usawa. Mimi mwenyewe ningeiweka sabufa yangu nyuma ya pazia siku ile dukani, taa zake za buluu zisingenisaidia kuamua.

Hoja ya pili ya rafiki yangu ni nzito zaidi. Anasema albamu nyingi za metali zimerekodiwa vibaya, na spika aminifu huzifanya zisisikilizike. Anatoa mfano wa Metallica. Katika ...And Justice for All ya mwaka 1988, gitaa la besi la Jason Newsted, aliyeingia baada ya kifo cha Cliff Burton mwaka 1986, karibu halisikiki. Katika Death Magnetic ya mwaka 2008, sauti ilibanwa na kupandishwa hadi vilele vikakatwa. Mashabiki walilalamika, hasa walipogundua kwamba nyimbo hizohizo katika mchezo wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua. Kwa nini, anauliza, nilipe fedha ili nisikie makosa vizuri?

Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kosa la albamu moja hurekebishwa kwenye amplifaya. Vifundo vya besi na sauti za juu vipo kwa kazi hiyo: unapunguza ukali kwa Death Magnetic, unarudisha kifundo katikati kwa albamu inayofuata. Kosa lililojengwa ndani ya boksi halina kifundo, nalo hutozwa kila albamu, nzuri na mbaya. Na hakuna spika itakayoirudisha besi ya Newsted kama hawakuiweka. Sabufa yangu ilinipa kitu kama besi katika albamu ile, lakini ilikuwa ngoma iliyovimba.

Kuna pia kelele iliyokusudiwa. Duma walikuwa wanamuziki wawili waliotoka katika jamii ya metali ya Nairobi, na albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilirekodiwa hapa Kampala na kutolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes. Mimi mwanafunzi wa Kiswahili nilidhani jina ni la mnyama mwenye mbio. Kumbe kwao ni giza, kwa Kikuyu. Kwenye sabufa niliizima albamu hiyo baada ya nyimbo mbili, nikasema ni fujo. Kwenye spika za Papa niliisikiliza yote. Mayowe yalikuwa na pumzi ndani yake, midundo ya mashine ilikuwa na tabaka, na mahali palipoonekana fujo palikuwa na mpangilio. Nilikuwa nimewahukumu wasanii kwa kosa la mkalimani. Kwa mhakiki hilo si jambo dogo. Ni sawa na kuikosoa riwaya kwa kusoma tafsiri mbovu.

Masikio

Kosa langu la mwisho si la spika. Jioni moja dada alikuwa amesafiri, nikapandisha sauti kwa saa tatu. Spika nzuri ni hatari kwa namna hii: haikwaruzi inapopaza, kwa hiyo hujui umefika wapi. Asubuhi yake masikio yalikuwa yakilia. Katika kipindi cha fonetiki mwalimu alisoma jozi za maneno tuandike tulichosikia, nami nikashindwa kutofautisha thamini na dhamini. Nilipata alama mbili kwa kumi. Mlio ule uliondoka baada ya siku mbili, lakini hofu yake haijaondoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hugawanywa kwa mbili. Ukifika 89, una saa tano kwa wiki nzima. Sisi tunaosoma lugha kwa masikio tuna sababu ya ziada ya kuyatunza. Tangu hapo najiwekea kanuni: kama dada akiniita kutoka jikoni na simsikii, sauti imezidi.

Hitimisho

Mwenzangu anayetaka kununua spika kwa ajili ya muziki huu namshauri hivi. Asiulize spika ya roki. Aende na albamu anayoijua kwa moyo, aisikilize kwa sauti ya wastani, na azime taa za kifaa kama anaweza. Ajaribu kuziimba noti za gitaa la besi moja baada ya nyingine, zikimpotea, aondoke. Amsikilize mwimbaji kama anatamka maneno. Asikilize matoazi kwa nusu saa, aone kama kichwa kinamuuma. Asome kibandiko cha nyuma kabla ya maandishi ya kasha. Kisha, kabla ya kununua chochote kingine, azisogeze spika alizonazo mbali na ukuta.

Kompyuta nilikuja kuinunua mwaka uliofuata, na makala haya nimeyaandika juu yake. Spika za Papa zingali juu ya matofali yake, soksi zikiwa ndani.